Lukuga Kazimia Tu

Ismaili wa Mzee Ramazani hakuwa mtu wa vita. Baba yake alikuwa fundi mitumbwi pale Ujiji, mtu wa shoka na randa, lakini mwanawe huyu alikua akiogopa ziwa, akiogopa mbwa, na jogoo wa jirani akimkazia macho alibadilisha njia. Pamoja na hayo, kila Jumamosi saa kumi jioni, akishika maiki kwenye banda la video la Nehemia, alikuwa ndiye mwanamume jasiri kuliko wote kuanzia Ujiji mpaka Kibirizi, na watu wazima wenye wajukuu walimpigia makofi.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri. Sizoni zilifika zikiongea Kiingereza cha puani, Nehemia akapunguza sauti ya wenyewe, na Ismaili akakaa kando ya runinga akawasemea wote: wafalme, wachawi, mpaka farasi. Majina ya wenyewe yalikuwa marefu na yanaumiza taya, kwa hiyo aliyatupilia mbali siku ya kwanza. Shujaa wa ile sizoni ya majoka na ngome alimwita Lukuga, kama ule mto unaotoka ziwani kule Kalemie na kuingia Kongo bila kuomba ruhusa ya mtu. Adui wa Lukuga, mzee mwenye pumu na fimbo aliyeiba kiti cha enzi, alimwita Ushuru. Hapo hakuhitaji kueleza zaidi. Wachuuzi wa dagaa walimchukia mzee yule kabla hajafungua mdomo.

Na tuseme kweli, Lukuga wa Ismaili alikuwa bora kuliko yule wa wenyewe. Yule wa kwenye picha alisema maneno manne akanyamaza. Huyu wetu alisema arobaini, mdomo wa kwenye picha ukiwa umeshafungwa zamani. Malkia akitoa chozi moja, Lukuga wetu alimbembeleza mpaka kinamama wa benchi la mbele wakajifuta macho kwa ncha za khanga.

Benchi hilo la mbele lilikuwa na mwenyewe, Bi Mwanvua. Huyu alikuwa mchuuzi wa dagaa na migebuka, mjane, mwenye ulimi ambao hata mgambo waliuzungukia mbali. Binti yake, Anifa, alikuwa fundi cherehani kule Gungu, na Ismaili alimpenda kwa mapenzi ya kukosa usingizi. Siku chache kabla ya haya ninayosimulia, alikuwa amepeleka barua ya posa. Aliona aibu kuandika maneno yake mwenyewe, akaazima ya Lukuga: farasi mweupe, upanga uliowekwa chini, macho yaliyoshinda majeshi. Bi Mwanvua aliwasomea barua ile wachuuzi wenzake mara mbili, akasema mtu mwenye maneno kama haya hawezi kuwa mbaya, na jibu atalitoa Ijumaa ya wiki inayofuata. Kwa hiyo Ismaili alikuwa na siku chache tu za kuendelea kuwa Lukuga.

Ndipo Alhamisi Nickson akamletea flashi. Nickson alikuwa mtumishi wa serikali kutoka Moshi, amehamishiwa Kigoma mwaka wa pili sasa na bado akiongea kama mtu anayesubiri basi la kurudi. Alikuwa na intaneti nzuri ofisini, na kazi aliyoifanya nayo kwa bidii kuliko zote ilikuwa kupakua sizoni.

"Kaa chini kabla hujaangalia," alisema Nickson. "Mwenzako nimeshindwa kula."

Ismaili aliangalia peke yake, pazia limeshushwa. Lukuga na Ushuru wanapigana mbele ya malkia. Mzee anakohoa, Lukuga anamchezea, anampokonya upanga, anamwangusha magotini. Watu wote wa kwenye picha wanashangilia. Lukuga, masikini, anageuka kuwapungia mkono. Basi Ushuru anaichomoa fimbo yake, kumbe ndani ina chuma, na anamchoma shingoni kwa nyuma hadi ncha ikatokea mbele. Na kana kwamba hiyo haitoshi, wakamweka kwenye sanduku la jiwe na kulifunika.

Ismaili aliirudisha nyuma mara tano. Mara zote tano Lukuga aligeuka kupunga mkono.

Siku nzima ya Ijumaa alitunga maneno ya kumuaga shujaa. Yalikuwa mazuri, yalimliza mwenyewe. Jumamosi alikwenda bandani akiwa nayo kifuani. Nehemia, mlokole, aliombea jenereta kama kawaida yake kabla ya kuliwasha, na banda lilijaa mpaka watu wakakaa mapajani mwa watu. Pambano likaanza. Lukuga akacheza, Ushuru akakohoa, banda likaimba. Lukuga akageuka. Fimbo ikaingia.

Sijui kama umewahi kusikia watu mia mbili wakiacha kupumua kwa pamoja. Bi Mwanvua alikuwa amesimama, mikono kichwani, mdomo wazi, akimwangalia si Lukuga bali Ismaili. Yale maneno mazuri ya kuaga yakamtoka Ismaili yote. Mdomo ukajisemea wenyewe.

"Kazimia!" alipiga kelele kwenye maiki. "Ndugu zangu, Lukuga kazimia tu!"

Banda likashusha pumzi.

"Hiyo damu?" aliuliza mtu wa nyuma.

"Ya kuku. Alijipaka asubuhi kumhadaa adui."

Picha zilisonga, na uongo ukazaa watoto. Malkia aliyelia alikuwa anajifanya. Sanduku la jiwe lilikuwa la matibabu, jiwe lile linavuta sumu mwilini. Mzee mmoja alitikisa kichwa kukubali, akawaeleza walio karibu naye kwamba ni kama jiwe la nyoka, yeye mwenyewe liliwahi kumponya mguu. Watu walitoka wakiwa na huzuni ya kiasi, ile ya kumwacha ndugu wodini.

Lakini simu siku hizi ziko mpaka shambani. Jumapili jioni vijana walishaona vipande vya pambano lile na maoni ya dunia nzima, watu wa nchi za mbali wakilia mbele ya kamera zao. Jumatatu mji ukagawanyika pande mbili, Wazimia na Wafia. Kwenye kijiwe cha bodaboda cha Gungu abiria aliulizwa msimamo wake kabla hajaulizwa anakokwenda. Mganga mmoja alitangaza ana mzizi wa jeraha la shingo. Jumanne diwani aliitisha mkutano wa maji, maana bomba la mtaa lilikuwa kavu tangu mfungo, na mtu wa kwanza kunyoosha mkono akamuuliza kuhusu Lukuga. Mheshimiwa alijifuta jasho, akasema hali hiyo anaifuatilia kwa karibu sana. Alipigiwa makofi, na swali la bomba halikuulizwa tena.

Kamanda wa Wazimia alikuwa Bi Mwanvua. Nickson alifanya kosa la kupita mbele ya meza yake ya samaki na kusema kwamba jamani, yule mtu kafa, tuache utoto, yeye ameangalia kwa Kiingereza.

"Kwa Kiingereza kafa," alijibu Bi Mwanvua bila kuacha kupanga migebuka. "Kwa Kiswahili kazimia. Weye baba kaa na maiti yako ya Kiingereza, utuachie mgonjwa wetu."

Nickson alinunua samaki ambao hakuwa amepanga kununua, akaondoka.

Kilichomshinda Ismaili ni wageni. Kwetu mgonjwa hakai bila kujuliwa hali, na mgonjwa huyu alikuwa ndani ya jiwe, nchi isiyojulikana. Watu wakapima, wakaona njia fupi ni kupitia kwa aliye mdomo wake. Jumatano walikuja wakulima watatu kutoka Simbo na kuku jike na mkungu wa ndizi. Alhamisi mtumbwi ulitoka Mwamgongo na samaki wawili wakubwa aina ya kuhe, wamefungwa kwenye majani. Wavuvi wale walikaa sebuleni kwa Mzee Ramazani kwa adabu zote, kofia magotini.

"Umwambie asiharakishe kuamka," alisema mkubwa wao. "Jeraha la shingo ni la kwenda nalo polepole. Nta kibazo, hakuna tatizo, tutasubiri."

"Nitamwambia," alisema Ismaili.

Mzee Ramazani, aliyekuwa hajui chochote kuhusu sizoni, alimvuta mwanawe nyuma ya nyumba akamuuliza ni nani huyo anayeumwa na kwa nini hakuambiwa. Bi Mwanvua naye alileta supu ya mgebuka kwenye hotipoti, chumvi kidogo kwa sababu ya kidonda. Ismaili aliinywa yote. Alikula kuku, alikula kuhe, alikula na ndizi.

Ijumaa ikafika. Baba yake mdogo, ambaye ndiye alikuwa mshenga, alikwenda na wazee wawili kuchukua jibu, na kabla ya adhuhuri walikuwa wamerudi.

"Amesema kijana anampenda sana," alisema baba mdogo akivua viatu. "Ila hawezi kupiga vigelegele nyumbani kwake na mgonjwa bado kalala. Jibu atalitoa Lukuga akisimama." Aliviweka viatu kando ya mlango. "Huyu Lukuga ni mtoto wa nani? Tukamwone."

Ismaili alipanda bodaboda mpaka Gungu. Njiani alishaanza kumfufua. Kwenye epizodi inayofuata kulikuwa na askari mmoja mpya, mnene, mwenye upara. Angeweza kusema huyo ndiye Lukuga, dawa zimemnyonyoa nywele na uji wa wagonjwa umemnenepesha. Watu wangekubali. Wangekubali chochote. Akafika kwa Anifa akiwa anatabasamu.

Anifa hakutabasamu. Alisimamisha cherehani, akaushika mkono wa gurudumu lake kama anayezuia lisikimbie.

"Jana jioni mama kamwekea baba sahani," alisema.

Ismaili alikaa chini. Ujiji nzima ilijua habari ya Mzee Anzuruni, mume wa Bi Mwanvua. Miaka kumi na moja iliyopita alivuka kwenda Kalemie na mzigo wa sabuni, upepo ukawakuta katikati ya ziwa, na mtumbwi ulipatikana bila watu. Mjane alikuwa na haki ya kulia. Lakini ndugu na majirani walimwonea huruma, kila mmoja akaja na neno lake tamu. Huyu kasikia yuko Moba. Yule kaambiwa kaonekana Uvira, kakonda lakini mzima. Basi mwanamke yule kwa miaka miwili kila jioni alipakua chakula cha mume wake, akakifunika, akakisubiri, na asubuhi akakimwaga. Eda alikuja kukaa wakati wajane wenzake walishasahau yao.

"Nikamuuliza, mama, ya nani hii?" Anifa alisema. "Kanijibu: mbona Lukuga tumemwona anafunikwa jiwe, na bado yu hai."

Cherehani za vibanda vya jirani ziliendelea kulia. Ismaili alijiona mchafu, uchafu wa ndani ambao maji hayaufikii.

"Nikisema kweli hatanipa wewe," alisema.

"Huenda."

"Na watu watanipiga."

"Hilo zaidi." Anifa alilegeza mkono, gurudumu likageuka kidogo. "Lakini ukinipata kwa uongo huo, Ismaili, nitakuwa nimeolewa na nani? Na wewe au na huyo wa kwenye jiwe?"

Jumamosi saa tisa na nusu banda lilikuwa halina pa kuweka unyayo. Wakulima wa Simbo walikuwepo. Wale wavuvi wa Mwamgongo walikuwepo. Nickson naye alikuwepo, amesimama nyuma kabisa na miwani ya jua, ili ajulikane kwamba hayupo. Nehemia alimshika Ismaili bega.

"Mfufue, ndugu yangu," alimnong'oneza. "Lazaro alikaa siku nne. Huyu ana wiki moja tu."

Ismaili alichukua maiki. Kwenye runinga Ushuru alikuwa kwenye karamu, anakunywa mvinyo kwa kofia ya vita ya Lukuga. Alimwomba Nehemia asimamishe picha. Kisha akasema kwa sauti yake mwenyewe, ambayo watu wengi hawakuwahi kuisikia. Ilikuwa ndogo.

"Sauti!" walidai wa nyuma.

"Lukuga amekufa," alirudia. "Alikufa Jumamosi iliyopita, mbele yenu. Ile damu haikuwa ya kuku. Na lile jiwe lilikuwa kaburi. Nilisema uongo kwa sababu niliogopa."

Banda liliwaka. Mmoja alipaza sauti kwamba Ismaili amehongwa na Ushuru. Mwingine alisema huyu si Ismaili, wamembadilisha. Ndizi mbivu ilipita karibu na sikio lake ikatua kwenye shuka la ukutani. Mkulima wa Simbo alisukuma watu mpaka mbele, akadai kuku wake.

"Nimeshamla," alisema Ismaili, maana alikuwa ameanza kusema kweli na hakujua pa kuishia.

"Muuaji!" walipiga kelele wa upande wa dirishani, na benchi moja likaanguka. Nehemia alijiweka mbele ya jenereta akaanza kukemea mapepo.

Ndipo Bi Mwanvua akasimama. Kelele zikapungua zenyewe, kwa sababu kila mtu alitaka kuona kofi litatua wapi. Alitembea hatua zile chache mpaka mbele ya Ismaili. Kwa karibu uso wake ulikuwa umechoka kuliko pale mezani kwa samaki.

"Una hakika?" aliuliza.

"Nina hakika, mama."

"Kafa kweli. Hakuna aliyemwona?"

"Hakuna, mama."

"Hata Moba?"

Wenyeji wa Ujiji waliokuwa kwenye benchi za mbele waliinamisha vichwa. Ismaili alitamani kuwa mtu mwingine yeyote duniani, hata farasi wa kwenye picha. Alikuwa na maneno arobaini ya kumpoza, yote ya Lukuga, yote matamu. Akayameza.

"Hata Moba, mama. Hakuna aliyemwona. Harudi."

Bi Mwanvua alivuta khanga yake kichwani. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema, akakaa palepale chini, mbele ya Ushuru na karamu yake, akalia. Alilia kwa sauti, kama anavyolia mtu mwenye msiba wa asubuhi ile. Kinamama wa benchi la mbele walimshukia wakamzunguka. Vijana wawili waliguna kwamba mapenzi ya sizoni haya sasa yamezidi, na wazee wakawatoa nje kwa masikio. Nehemia alizima jenereta bila kuambiwa. Hata yule wa Simbo alikaa, akasahau kuku.

Ismaili alirudi nyumbani kwa miguu. Wiki ile hakupata mgeni, na mtaani watoto walimwita Muua Lukuga. Wafia hawakumshukuru na Wazimia hawakumsalimia. Mzee Ramazani alimwambia kazi ya mitumbwi bado ipo, mradi asiogope maji. Jibu la posa alishalikatia tamaa. Alijua mama wa aina ile, aliyelizwa mbele ya watu mia mbili, hawezi kumtunuku binti yake mtu aliyemliza.

Ijumaa mchana Anifa alikuja mwenyewe, amesimama nje ya uzio kwa heshima, na bahasha mkononi. Ilikuwa barua yake ileile.

"Imerudishwa," alisema.

"Nimeelewa," alisema Ismaili, akaipokea bila kumtazama.

"Hujaelewa. Mama kasema uandike nyingine." Anifa aliuma midomo, kicheko kikimsumbua. "Hii ya kwanza kasema iliandikwa na marehemu, na marehemu haoi."

Ismaili alishika uzio.

"Na sahani?" aliuliza.

"Kaiosha. Kairudisha kabatini na zingine."

Siku hiyo Ismaili alikaa mezani tangu alasiri. Alijaribu kutafuta maneno akakuta kisima kikavu. Bila upanga na farasi hakujua mwanamume anaanzaje barua. Karatasi tatu alizichana. Ya nne aliiacha ilivyotoka, baba mdogo akaipeleka kesho yake, na Bi Mwanvua hakuwasomea wachuuzi wenzake. Aliikunja akaiweka kifuani, akamwambia mshenga alete siku ya mahari. Iliandikwa hivi:

"Shikamoo mama. Mimi ni Ismaili, mtoto wa Ramazani fundi mitumbwi. Sina farasi. Naogopa ziwa, naogopa mbwa, na kuna jogoo mmoja hapa jirani. Namtaka Anifa. Nikichelewa kurudi nyumbani nitatuma mtu aseme niko wapi, na atakachosema kitakuwa kweli."